Kadi ya Anayengoja

Mama Sekela alitua kikapu chake cha viazi mlangoni, akaketi bila kukaribishwa, akamwambia Lusajo asimzungushe: katika huu mchezo wa Ngome, hela hasa ziko wapi?

"Inategemea una nini, mama."

"Nina hela ya shamba nililouza Uyole. Na nina akili zangu."

"Akili tuziweke pembeni kwanza," Lusajo akasema, akamgeuzia kioo cha kompyuta ili aone.

Kwenye kioo, mtu wa Manila na mtu wa Lagos walikuwa wakibomoleana kuta. Kila kadi iliyopigwa ilitikisa ukuta wa mwenzake au kuongeza kimo cha wake. Lusajo akaanza kama alivyoanza na kila aliyekuja kwenye kibanda chake pale Mwanjelwa. Unaweza kucheza mwenyewe, ukashinda, ukalipwa. "Lakini hawa wameanza kabla hawajaota magego. Ukiingia wewe leo, watakumenya kama ndizi." Unaweza kuchuuza, ununue kadi ikiwa imelala na uiuze ikiamka, hiyo ilimtaka mtu asiye na usingizi wala presha. "Au ununue kadi hai, uwakodishie wachezaji. Hapo unakaa tu, mama. Kama mwenye nyumba za kupangisha."

"Kadi hai ndiyo ipi?"

"Kadi za kawaida huchorwa na mashine. Kadi hai ina mtu nyuma yake." Akagusa nyuma ya sikio lake. "Anawekwa mbegu hapa, ndogo kama punje ya ulezi. Anachokisikia moyoni saa hii ndiyo nguvu ya kadi saa hii. Yule wa Lagos anapiga kwa hasira ya mzee mmoja wa Sumbawanga aliyedhulumiwa kiwanja. Siku mzee akirudishiwa kiwanja chake, kadi imekwisha."

"Basi mwenye kadi ataomba asirudishiwe."

"Wengine hawaishii kuomba."

Mama Sekela akatazama kuta zikianguka. Kisha akauliza, bila kumwangalia, "Na wewe unakula wapi? Ni ile kadi ya shemeji yako, au watu wanazusha?"

Lusajo akakirudisha kioo upande wake.

"Yeye mwenyewe anapata nini?"

"Anakula vizuri. Analala pazuri. Hana shida."

"Hata ng'ombe wangu ndivyo anavyoishi," Mama Sekela akasema. Akainuka, akajitwisha kikapu, akafika mlangoni, akageuka. "Nitafutie mtu mwenye huzuni. Hasira hupoa. Huzuni haikauki haraka."

*

Kadi ya Tusekile iliitwa Anayengoja, na katika Ngome nzima hapakuwa na ngao iliyoipita.

Mumewe Ambwene, kaka mkubwa wa Lusajo, aliondoka Mbeya kwenda kuchimba madini chini ya bahari, kule ambako watu huishi ndani ya matangi ya chuma na hawaoni jua. Alipiga simu kila wiki, kisha simu zikakoma. Kampuni ilikuwa imefilisika. Waliojua walisema mgodi uliuzwa. Wengine walisema uliporomoka. Hakuna aliyesema watu wako wapi. Miaka sita ikapita hivyo. Wake wengine wa wachimbaji walifanya matanga bila maiti, wakaolewa. Tusekile hakufanya matanga wala hakuolewa. Kila jambo la nyumba ile ya Iyunga aliliacha nusu ili mwenyewe aje amalizie. Chumba cha mbele hakikuwa na dari kwa sababu Ambwene angetaka kuchagua mbao. Geti halikupakwa rangi. Tangi la maji lilikaa chini, kwenye matope, kwa kuwa walikuwa hawajamaliza kubishana lipandishwe upande gani, na baadhi ya asubuhi Lusajo alimkuta akiendeleza ule ubishi peke yake, akicheka.

Lusajo ndiye aliyemshawishi akubali mbegu. Alimwambia fedha ya kadi ingemlipa mtu wa kumtafuta Ambwene bandari hadi bandari. Mwaka wa kwanza alimlipa kweli. Kisha akaona kwamba matumaini ya shemeji yake hayahitaji mtafutaji. Yanajitegemea, kama mgomba. Akaacha kulipa, na hakumwambia.

Wachezaji wa dunia nzima walijificha nyuma ya moyo wa mwanamke yule. Ukuta ukikaribia kuanguka, walipiga Anayengoja, na ukuta ulisimama. Lusajo alipokea kodi. Alijenga, akanunua gari, akaanza kuitwa bosi.

Siku ya Jumatano, akiwa kwenye foleni ya kunyoa, simu ikaita kwa namba asiyoijua.

"Lusajo?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mwenzako! Mimi niliyekufundisha kuogelea Kiwira ukanywa mto nusu."

Lusajo alitoka nje na taulo la kinyozi shingoni. Ilikuwa sauti ileile, ila imekwaruzika, kana kwamba mwenyewe alikuwa amemeza mchanga. Ambwene alieleza kwa kifupi, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mgodi uliuzwa na watu wake ndani. Mnunuzi aliwakatia mawasiliano, akawafanyisha kazi mpaka meli ya doria ilipowakuta. Sasa alikuwa Dar, hospitali, wanamwangalia mapafu. Jumapili angefika kwa treni.

"Tusekile yupo?"

"Yupo, kaka."

"Peke yake?"

"Anakungoja."

Ambwene alilia kwenye simu. Lusajo naye alilia, na machozi yale yalikuwa ya kweli; hilo lazima lisemwe, maana yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani hakumpenda kaka yake.

"Usimwambie," Ambwene akasema mwishowe. "Nakuomba, mdogo wangu. Nataka niuone uso wake mwenyewe."

*

Lusajo alimpigia Bi. Faiza siku ileile. Huyu alikuwa dalali wa kadi, mtu wa Tanga, ambaye Lusajo hakuwahi kumwona ila kwa sauti. Alitaka kuiuza Anayengoja kabla habari hazijazagaa. Bi. Faiza alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole," akasema. "Yaani, hongera. Kaka amerudi, si haba. Lakini kuniuzia mimi kitu kinachokufa Jumapili, hiyo si biashara, baba."

"Punguza unavyotaka."

"Hebu nisikize. Kadi hii inakufa, upende usipende. Wewe unachagua tu inakufaje. Akimwona mumewe, itazimika kama kibatari, puu, hakuna aliyefaidi. Lakini tumaini la miaka yote hiyo likivunjwa kwa pigo moja, kadi hugeuka. Ngao inakuwa rungu. Imetokea mara chache, na kila ilipotokea hapakubaki ukuta umesimama. Na Jumamosi alasiri ni fainali. Mchezaji wangu yumo. Atakupa sehemu ya ushindi ambayo kwa kodi zako hizi hutaipata mpaka wajukuu wako wazeeke."

"Unataka nimwambie amekufa."

"Sijasema. Umesema wewe."

"Nimeongea naye, Bi. Faiza. Yu hai."

"Ndiyo uzuri wenyewe! Watu wengine hapo wangelazimika kuua. Wewe unamliza Jumamosi, unamfuta machozi papo hapo. Si ataifurahia zaidi hiyo Jumapili?"

Lusajo akauliza alichokuwa akiogopa kukiuliza. "Na mbegu? Nasikia ikigeuka inavuta kupita kiasi."

"Inavuta kile chenye nguvu moyoni, na safari hiyo haiachi mizizi. Wengine hulala kutwa nzima wakaamka wazima."

"Na wengine?"

"Wengine huwa watulivu," Bi. Faiza akasema.

Lusajo aliwahi kumwona mtulivu mmoja, Tunduma, mtu ambaye kadi yake iligeuka siku mahakama ilipomnyang'anya watoto. Moto uliposhika nyumba ya mtu yule, alisimama barabarani mikono mfukoni akiutazama, na jirani alipomkemea akajibu kwa adabu kwamba ameuona. Kwa hiyo Lusajo hawezi kusema hakujua.

Siku mbili alizunguka na shauri hilo. Alijaribu kuwaza juu ya Tusekile, na kila alipojaribu akajikuta anawaza juu yake mwenyewe. Ni nani aliyemtibu Tusekile alipougua mapafu mwaka ule wa baridi kali? Ni nani aliyeezeka upya jiko? Na katika miaka yote hiyo hakuna jioni aliyokaa mezani kwake bila kusikia "kaka yako akija." Kaka yako akija ataona. Kaka yako akija atajua la kufanya. Yeye aliyekuwapo alikuwa kama kiti cha kungojea. Sasa kaka alikuwa anakuja, angekuta nyumba, mke na shukrani, na Lusajo angerudi kuwa mdogo wake Ambwene aliyekuwa na kibanda Mwanjelwa. Mpaka Ijumaa wazo hilo lilikuwa limekuwa kama haki.

*

Jumamosi alasiri Tusekile alikuwa uani, amekalia kigoda, anamenya ndizi za kupika. Mvua ilikuwa imekatika punde, na ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Katika sikio la kushoto la Lusajo, kupitia kisikilizi kidogo, umati wa fainali ulikuwa ukinguruma, na Bi. Faiza akanong'ona, "Ukuta wetu umebaki mmoja. Sasa, baba. Sasa."

"Shemeji," Lusajo akasema.

"Karibu. Vuta kile kigoda. Umekula?"

"Shemeji, weka kisu chini."

Tusekile akamtazama. Alikuwa mwanamke wa uso mpana, mwepesi wa kucheka, na hata wakati ule tabasamu lilitangulia kidogo kabla ya hofu. "Kuna habari," akasema. "Kuna habari ya Ambwene. Lusajo, kuna habari?"

"Ipo."

"Sema basi!" Alishainuka. Maganda yakamwagika miguuni. Macho yake yaling'aa kiasi cha kumfanya Lusajo ageuzie uso pembeni, na sikioni akasikia mtangazaji akipiga kelele kwamba ngao inapanda, ngao ya Anayengoja inapanda kupita kipimo. Hata dakika ile bado angeweza. Angesema tu, kesho anakuja, na yote yangekuwa furaha.

"Wamempata," akasema. "Wamempata chini kule. Amekufa, shemeji. Amekufa siku nyingi."

Tusekile akatikisa kichwa. "Si yeye."

"Ni yeye."

"Nani kamwona? Taja aliyemwona. Watu hufanana, Lusajo, ndani ya maji watu wote hufanana."

Lusajo hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akatafuta, na kichwa chake, ambacho kwa miaka kilikuwa kimejifunza kutafuta tu panapolipa, kikampa jibu. "Alikuwa na ile leso uliyomtarizia. Ile yenye jina lako. Aliifunga mkononi."

Ndipo akaamini.

Hakupiga yowe mara moja. Akajishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Kisha sauti ikaja, moja, ndefu, na majirani wakatoka nje. Katika sikio la Lusajo umati ulilipuka kwa shangwe. Kuta zilianguka, zote, hata zile ambazo mpinzani alikuwa bado hajazifunua. Mtangazaji alikuwa akilia kwa raha. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Lusajo: malipo yameingia.

Halafu sauti ya Tusekile ikakatika. Haikupungua wala kugeuka kwikwi. Ilikatika katikati, kama maji ya bomba mtu akifunga koki barabarani.

Lusajo alichomoa kile kisikilizi, akakitupa. "Shemeji! Shemeji, nisikilize. Si kweli. Nimedanganywa, nimekosea, yu hai! Nimeongea naye mwenyewe. Kesho anakuja, unanisikia? Ambwene anakuja kesho na treni!"

Tusekile alikuwa ameketi tena. Alijipangusa mashavu kwa kiganja, akakiangalia kiganja kilivyolowa, akakifuta kwenye kanga.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

"Mchana."

"Basi hizi ndizi hazitatosha," akasema, akainama kuokota kisu.

*

Lusajo alijiambia kwamba ni usingizi unaohitajika. Tusekile alilala mapema, akaamka mapema, akafagia uwanja. Lusajo akajiambia kwamba akimwona mumewe, damu itarudi.

Ambwene alishuka kituoni akiwa amekonda, nywele nyeupe, macho yakiukwepa mwanga. Alimkumbatia mdogo wake, akacheka, akakohoa, akacheka tena. Njia nzima ndani ya gari aliuliza maswali. Anapenda bado wimbo wa kwaya ya asubuhi? Amenenepa? Lile tangi walilipandisha upande gani? Lusajo alijibu yaliyojibika. Alikuwa na safari nzima ya kusema, kuanzia kituoni mpaka Iyunga, na kila taa za barabarani zilipomsimamisha alifungua mdomo, na kila zilipowaka kijani akaufunga.

Tusekile alitoka jikoni aliposikia gari. Ambwene alisimama hatua chache kutoka kwake. Alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia kwa miaka, chini ya bahari. Lusajo aliiona midomo yake ikiyatafuta na kuyakosa.

"Tuse," akasema tu.

"Umefika," Tusekile akasema. "Pole na safari. Ingia, nje kuna ubaridi, kifua chako."

Akampokea begi. Ambwene akamshika mikono, akaivuta kifuani pake, akalia juu ya kichwa chake. Tusekile akasimama ndani ya mikono ile kwa subira, kama mtu anayepimwa na fundi nguo. Alipoona analegea, akajitoa taratibu, akaenda kumletea maji.

Wakaketi. Chakula kikaandaliwa, ndizi kwa nyama na maharage, vyote alivyovipenda Ambwene, maana kukumbuka alikumbuka kila kitu. Ambwene hakugusa. Alimtazama mkewe akiingia na kutoka, na ule uso uliokuwa ukicheka garini ukaanza kufa.

"Ana nini?" akamwuliza Lusajo kwa sauti ya chini. "Umemwambia nini mke wangu?"

Lusajo alisikia jibu likitoka kabla hajalichagua. "Alichoka, kaka. Miaka ni mingi. Alichoka kungoja."

Tusekile alikuwa nyuma yake, ameshika bakuli la mchuzi.

"Hapana," akasema. "Sikuchoka. Jana aliniambia umekufa. Alisema ulifunga leso yangu mkononi, nikaamini. Halafu kilichokuwa moyoni kikaondoka." Akaliweka bakuli mezani. "Ilikuwa fainali ya ule mchezo wao. Mchuzi huu una pilipili, Ambwene, kama kifua hakitaki nitakuletea mwingine."

Hakusema kwa lawama. Mtu anayesimulia mvua ya jana husimulia kwa moyo zaidi.

Ambwene aliinuka. Meza ilisogea. Alimkwida mdogo wake shingoni kwa mikono iliyokuwa mifupa mitupu, na mifupa ile ilikuwa na nguvu za ajabu. Akambamiza ukutani, akampiga usoni, akampiga tena. Lusajo hakujikinga. Juu ya bega la kaka yake alimtazama Tusekile, akingoja apige kelele, aseme mwache, au aseme muue. Tusekile alilinyanyua bakuli la mchuzi lisije likamwagika, akalishika, akasubiri wamalize.

Ambwene alipoliona hilo, mikono yake ilianguka yenyewe. Alirudi kwenye kiti. Baada ya muda alivuta sahani, akaanza kula, machozi yakimdondokea ndizini, kwa sababu mkewe ndiye aliyempakulia, na hakuwa na kingine cha kupokea kutoka kwake.

Lusajo akatoka uani, damu puani. Tusekile alikuja nyuma yake na ndoo, akielekea kwenye tangi. Lusajo akasimama mbele yake, akapiga magoti kwenye matope, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya mtu yeyote.

"Shemeji, nisamehe. Nimekuua. Nipige, nitukane, nifukuze, fanya lolote. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Tusekile akasema papo hapo, kama mtu aliyeombwa chumvi, na akangoja ampishe apite na ndoo yake.